Maziwa ya Apeduno

"Angalia pua yangu, mama. Usiangalie mikono. Ukiona vidole vinacheza, sema."

Apeduno aliikazia macho pua ya Daktari Everline. Ilikuwa pua ndogo yenye jasho, pua ya binti aliyeingia zamu bila kunywa chai, na Apeduno, ambaye kazi yake ilikuwa kuwauzia chai madereva wa matrela kwenye foleni ya mpakani Malaba, alizijua sura za watu wasiokunywa chai. Alingoja. Nje ya mlango, kwenye benchi la korido, mjukuu wake alikuwa akilia mikononi mwa mumewe Omoding, na kila kilio kilimvuta matiti hadi yakauma.

"Unaona?"

"Bado hujainua mikono, daktari."

Apeduno akageuza uso kidogo tu, ndipo akaiona mikono yote miwili, mmoja kulia na mwingine kushoto, imekaa hewani muda wote huo, vidole vinachezacheza. Aliona haya kama mtu aliyekamatwa akisema uongo.

"Ndio maana ile pikipiki ya boda ilikuangusha," daktari akasema. "Ilitoka kando."

"Watu wa boda hawana adabu."

"Hawana. Lakini hiyo moja tuisamehe."

Akaichomeka kwenye kioo cha taa picha ya kichwa, ile waliyotumwa kupiga Eldoret. Apeduno aliambiwa huyo ni yeye, amekatwa katikati kama papai, na akaoneshwa kwa ncha ya kalamu mahali pamoja pa chini ya ubongo, nyuma ya macho.

"Hapa kuna katezi kadogo, kama punje ya njegere. Kanaitwa pituitari. Hako ndiko kanatuma amri matiti yatoe maziwa. Lakini siku zote kameshikwa breki. Ubongo unatuma kitu kinaitwa dopamini, na ikifika hapo kwa tezi, kuna hewa inatengenezwa, naitriki oksaidi. Hewa tu, mama, haimalizi hata dakika, inapotea. Kazi yake ni kusaidia kusema: funga. Ndio maana mwanamke akiwa hana mtoto, hana maziwa."

"Kama geti ya mpaka," Apeduno akasema.

"Kabisa. Sasa kwako kumeota uvimbe hapo kwa geti. Askari anapiga filimbi, lakini matrela hayasikii. Yanapita tu. Na huo uvimbe umekua, umesukuma mishipa ya macho kutoka chini. Ndio unaona mbele, na kando zote mbili hakuna kitu."

Apeduno aliitazama ile punje. Aliogopa kama alivyoogopa siku alipomwona mkwewe akitolewa chumba cha kujifungulia amefunikwa uso.

"Si saratani," daktari akaongeza haraka. "Na kuna dawa. Nusu kidonge Jumatatu, nusu Alhamisi, hata si ya kila siku. Uvimbe utasinyaa, na macho mengi yanaweza kurudi. Lakini uanze sasa. Hiyo mishipa ikikufa, haifufuki."

"Na maziwa?"

"Yatakauka. Lazima yakauke. Hata hiyo kunyonyesha inachochea tezi."

"Daktari, huyu mtoto ana miezi minne. Mama yake tulimzika."

Daktari Everline alikuwa mzaliwa wa Namboboto, mahali ambapo mtu hajibu neno la msiba kwa pupa. Alivua miwani, akaipangusa kwa koti lake jeupe, akaivaa tena.

"Pole, mama. Lakini nikwambie ukweli. Mtoto atapata maziwa ya kopo. Wewe macho ya kopo hakuna."

*

Omoding alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye koti la suti ambalo halikuwahi kuwa na suruali yake. Alimshika mtoto mbele kabisa ya mwili, kwa mikono iliyonyooka, kama mtu anayepitisha sahani ya sadaka, na wanawake wa benchini walikuwa wakimcheka kwa macho. Alimkabidhi Apeduno mzigo wake. Apeduno akaketi, akafungua blauzi, na korido nzima ikatulia.

Ukweli wa maziwa yale ulijulikana na wawili tu, Apeduno na sidiria yake. Yalianza muda mrefu kabla mtoto huyu hajatungwa. Siku zake za mwezi zilikuwa zimekatika, naye akadhani uzee umebisha hodi mapema. Kisha asubuhi moja akaamka blauzi imelowa. Mwanamke ambaye kitinda mimba wake ameota ndevu, maziwa ni ya nani? Kijijini kwao mwenye maziwa bila mtoto huulizwa mtoto amemtupa wapi. Basi alichana leso kuukuu vipandevipande, akawa anajipachika vitambaa kifuani, anavifua peke yake na kuvianika ndani, nyuma ya pazia, mahali ambapo jua halijawahi kufika.

Halafu Anyait, mke wa mwanawe Austin, akajifungua, akatokwa damu isiyozuilika, akafa. Austin, ambaye ni turnboi, msaidizi wa dereva kwenye trela la Juba, alifika siku ya mazishi na matope ya Sudan Kusini kwenye viatu. Mtoto alilia hadi sauti ikakauka. Walijaribu maji ya sukari, walijaribu uji mwepesi, akatema vyote. Mbele ya kaburi lililo wazi na wanawake wote wa kanisa, Apeduno alishindwa kuvumilia. Alimchukua, akatoa titi, na mtoto akanyonya mpaka maziwa yakamtiririka shingoni.

Vigelegele vilipigwa penye kilio. Petronilla, dada ya Omoding na kiongozi wa kikundi cha maombi, alipiga magoti udongoni akasema Mungu amefungua kifua cha bibi. Apeduno angeweza kusema neno hapo. Hakusema. Aibu aliyoificha kwa vitambaa ilikuwa imegeuka muujiza mchana kweupe, na mtoto alikuwa anashiba. Anayetaka kumlaumu aje kwanza amtulize mtoto yule.

Walitoka hospitalini wakakaa kwenye kibanda cha chai nje ya lango. Apeduno akamweleza mumewe yote, punje, uvimbe, geti, vidonge. Omoding alisikiliza akikoroga chai iliyokwisha kukorogeka.

"Dawa utameza," alisema mwishowe. "Nani amekataza? Lakini utaanza baada ya Jumapili."

"Alisema nianze sasa."

"Jumapili ni shukrani ya maziwa kanisani, Mama Austin. Watu wanatoka Mundika, wanatoka hata Tororo ng'ambo. Watakuja kuona nini? Titi limekauka?" Akashusha sauti. "Hebu rudia. Alisema hiyo kitu inafungua na kufunga ni nini?"

"Hewa."

"Haionekani?"

"Haionekani. Inakuja, inapotea."

Uso wa Omoding ulinawiri. "Na Roho ni nini, kama si hewa? Mwenyewe daktari amesema, sasa ni vile hajui amesema."

"Alisema hewa imeshindwa, Baba Austin."

Omoding akanywa chai yake yote kwa mkupuo. Hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka alikuwa yule mzee wa kanisa anayeitwa kubeba viti, na tangu maziwa yaje watu walianza kumsalimu kwanza na kumwekea kiti karibu na mchungaji. Mtu aliyeketi nyuma ya migongo ya wenzake maisha yake yote huonja kiti cha mbele mara moja tu, akalewa.

Apeduno naye, tusimpake mafuta, alipoambiwa angoje alihisi nafuu. Alimtazama mtoto aliyelala mdomo wazi, tone jeupe kwenye kidevu, akajiambia Jumapili si mbali. Moyoni alijua kwamba baada ya Jumapili hiyo angetafuta nyingine, mpaka mtoto aote meno. Walipofika nyumbani alivitia vidonge ndani ya kopo la majani ya chai, akakibana kifuniko.

*

Wageni walianza kufika kabla ya Jumapili yenyewe. Petronilla aliwaleta kwa vikundi, akiwatangulia njiani na leso yake ya kikundi begani. Mwanamke huyu alikuwa amezika watoto wachanga, mmoja baada ya mwingine, na kwa miaka alikuwa anamdai Mungu maelezo. Katika maziwa ya Apeduno aliona jibu limefika, ingawa limeshukia nyumba nyingine.

"Mama Austin, fungua kidogo waone. Wametoka mbali."

Apeduno alifungua. Ameshafungua mbele ya wangapi, hakujua tena. Mama mmoja wa Mundika, mnene, mwenye kuku aliyefungwa miguu, alijongea akamminya titi kwa vidole viwili bila kuomba ruhusa, kama anayempima ng'ombe sokoni. Maziwa yakaruka. Wengine wakaguna kwa mshangao, na mtoto, aliyekuwa usingizini, akatikisika.

"Ni ya kweli," mama yule akawaambia wenzake. Kisha akanyenyekea. "Dada, msichana wangu amezaa na maziwa imekataa kutoka. Nipatie kitambaa, hata kimoja. Kile umejipangusia."

"Kitambaa?"

"Nikamwekee kifuani. Nakuomba."

Apeduno alitazama nyuma ya pazia, ambako vile vipande vya leso vilikuwa vinaning'inia kama zamani. Alitaka kucheka, akashindwa. Alikitoa kimoja, na mama wa Mundika alikipokea kwa mikono miwili, akakikunja ndani ya nguo yake, akamwacha kuku mlangoni. Huzuni ilimshika Apeduno kwa ajili ya yule msichana asiyemjua, ambaye angengoja maziwa kutoka kwenye tambara.

Wakati wa kuagana, bibi mmoja mzee alisimama ubavuni mwake wa kushoto na kumnyooshea mkono. Mkono ulikaa hewani. Apeduno alikuwa anamtazama mtoto, hakuona kitu. Alisikia tu bibi akiguna, na nyayo zikiondoka, na sauti ya Petronilla njiani ikijaribu kupoza.

"Hapana, si maringo. Ako na mambo mengi tu kwa kichwa."

"Muujiza haujakauka na ameshasahau salamu," bibi akajibu.

Neno hilo lilimuuma kuliko vile vidole viwili. Kwa watu wao, kumnyima mtu mkono ni kumwambia hayupo.

*

Alhamisi, jua likiwa limeanza kulegea, Apeduno alikuwa jikoni pa nje akitayarisha chai ya foleni. Matrela yalikuwa yamesimama tangu mpakani hadi karibu na nyumbani kwao, na madereva wa siku mbili bila kuoga hunywa chai sana. Petronilla alikuwa amepita kidogo, akamchezesha mtoto, akamlaza kwenye mkeka, akaenda zake kupanga mambo ya mahema. Alisema amemlaza. Hakusema upande gani.

Chai ikapanda. Apeduno akashika sufuria kubwa kwa matambara, akaiinua kutoka kwenye mafiga, akageuka kushoto na kuinama kuiteremsha pale anapoiteremsha kila siku.

"Mama Austin. Simama."

Ilikuwa sauti ya Omoding kutoka zizini. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ambayo Apeduno hakuwahi kuisikia katika ndoa yao, nyembamba, imekosa pumzi.

"Usishushe. Usisogee hata kidogo."

Akabaki ameinama, mvuke unampiga usoni. Alisikia miguu ya mumewe ikikimbia. Omoding akafika, akaikamata sufuria kwa viganja vitupu, akaichukua mikononi mwake na kuizungusha hadi upande wa pili, akaiweka chini. Hakupiga kelele. Ni hapo tu Apeduno alipogeuza uso, akauona mkeka, na juu ya mkeka mtoto amelala chali, ameinua ngumi zake mbili, anacheza na mvuke uliokuwa umebaki hewani.

Aliketi mavumbini pale pale, akamvuta mtoto mapajani, akampapasa kichwa, tumbo, nyayo. Alikuwa mzima. Tone moja la chai lilikuwa limeanguka kwenye mkeka, karibu na pale sikio lake lilipokuwa.

"Sikumwona," akasema. "Baba Austin, naapa sikumwona."

Omoding alikuwa amesimama na mikono imekunjuliwa mbele yake, viganja vyekundu vinaanza kutoa maji. Alitazama mkeka, akatazama sufuria.

Apeduno akamfunga mtoto mgongoni. Akaingia ndani, akafungua kopo la majani, akavunja kidonge kwa meno, akameza nusu bila maji. Kisha akatoka na karai la maji baridi, akaichukua mikono ya mumewe na kuitia humo.

"Leo ni Alhamisi," alimwambia.

"Na Jumapili?"

"Jumapili nitakuja."

*

Alikuja. Mahema mawili yalikuwa yamesimamishwa uwanjani mwa kanisa, na Apeduno akawekwa mbele kwenye kiti cha mto, mtoto amefungwa shali jeupe. Petronilla aliongoza nyimbo mpaka sauti ikakwaruza. Kwenye meza ya zawadi kulikuwa na mahindi, sabuni za mche, bati jipya lililokunjwa kwa ajili ya paa la bibi wa muujiza, na chini ya meza kuku wa mama wa Mundika, aliyeletwa hapa kutoka nyumbani kwa Apeduno, pamoja na wengine.

Akapewa maikrofoni. Aliishika kwa mikono miwili. Aliona nyuso za mbele tu, duara dogo la nyuso, na zaidi ya hapo giza lililokuwa linapumua na kukohoa.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," alianza. "Nilikuwa na hii maziwa kabla Austin aoe. Nilificha. Niliogopa mtaniuliza mtoto ako wapi. Ni ugonjwa. Uko hapa kichwani, daktari amenionyesha kwa picha. Unanila macho. Nimeanza dawa, na maziwa yatakauka. Nimeona niseme kabla mjue kwa njia nyingine."

Ngoma iliyokuwa inasubiri ipigwe ilisubiri.

"Umechoka, Mama Austin," Petronilla akasema bila maikrofoni, akitabasamu kwa watu. "Hebu kaa."

"Sijachoka."

"Unarudisha zawadi ya Mungu mbele ya watu wake?"

"Mtoto alikula, Petronilla. Hiyo sirudishi. Alikula na akanenepa, na kama unataka kumshukuru Mungu kwa hiyo, tumshukuru pamoja. Lakini juzi karibu nimpike huyu mtoto kwa mkeka kwa sababu sioni. Sasa nifanye nini? Nimnyonyeshe mpaka siku nimuue?"

Tabasamu la Petronilla lilibaki usoni, limesahauliwa hapo. Macho yake yalijaa. "Sisi tuliambia watu," alisema polepole. "Mimi niliambia watu."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mchungaji, ambaye tangu mwanzo hakupenda neno muujiza lakini alipenda hema lililojaa, alianzisha wimbo, na watu wakaimba wakiangalia viatu vyao. Wimbo haujaisha, mama wa Mundika alikuwa ameinama chini ya meza. Alimtoa kuku wake, akasema kwa aliyekuwa karibu kwamba kamba imelegea anaenda kuikaza, akatoka naye moja kwa moja hadi barabarani. Lakini kabla ya kutoka alipita mbele ya Apeduno na kumwekea kitu mapajani. Kilikuwa kile kitambaa, kimekunjwa vizuri, kikavu.

Apeduno aliinamisha kichwa. Alikuwa amejua itauma, ila hakujua kuwa kitakachomtia aibu zaidi ni kitambaa safi. Akasikia kiti kikisukumwa. Omoding alikuwa ameinuka kutoka kando ya mchungaji, mikono yake imefungwa bendeji kama maboga mawili meupe. Akaja mpaka mbele, akainama, akamchukua mtoto kwa mikono ile iliyonyooka, sahani ya sadaka vilevile.

"Twende nyumbani," alisema.

*

Maziwa yalikauka kidogo kidogo, kwa maumivu, kisha ghafla yakaisha. Mtoto hakukubali. Omoding alikuwa ameuza fahali wake mmoja wa kulimia ili kopo la maziwa lisikosekane, na yule aliyebaki alisimama zizini akiita mwenzake. Lakini mtoto hakujali fahali wala kopo. Alitema chuchu ya chupa, akatema kijiko, akageuza uso kutoka kwa kikombe, akawa anatafuta kifua cha Apeduno kwa mdomo na, asipopata kitu, anamtazama kwa hasira ya mtu aliyeibiwa. Kilio chake kikaanza kukauka tena kama siku ile ya kaburini.

Austin alipiga simu kutoka njiani. "Mathe, usirudi nyuma na hiyo dawa," alisema. "Mimi nimezika mmoja. Mtoto atakula. Njaa itamfunza."

"Njaa haifunzi mtoto wa miezi minne, Austin. Inamuua."

Alikata simu, akaketi kitandani na mtoto pamoja na kikombe. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hakuwa anafikiri. Alichovya kidole cha shahada kwenye maziwa ya kopo ili apime joto, na alipokitoa, kikiwa kinadondosha, mkono wake ulikumbuka jambo ambalo kichwa kilikuwa kimelisahau.

Mtoto huyu hakuwa na jina. Kwao, bibi ndiye huchovya kidole kwenye ajon, pombe ya wimbi, akamtia mtoto mdomoni na kumtajia majina ya waliotangulia. Jina ambalo mtoto atafyonza kidole likitajwa, hilo ndilo lake. Kwa msiba ule hakuna aliyekuwa na moyo wa kupika ajon, na baadaye kikundi cha maombi kilikataza pombe karibu na mtoto wa muujiza. Basi wakamwita mtoto, mtoto tu.

Apeduno alikigusisha kidole kwenye midomo yake.

"Alupo," alisema. Lilikuwa jina la mama yake mzazi.

Mtoto aligeuza uso.

Akachovya tena. "Apeduno."

Mtoto alisukuma kidole kwa ulimi na kulia. Apeduno alichovya mara nyingine. Jina lililofuata hakuwa amelitamka tangu mazishi. Alikuwa amempenda msichana yule. Walikuwa wakichambua mboga pamoja na kuwacheka wanaume wao, na siku ya uchungu Apeduno ndiye aliyemshika mkono hadi mlangoni.

"Anyait," alisema.

Midomo ikashika kidole. Ilikuwa njaa, ilikuwa uchovu, ilikuwa lolote lile, Apeduno hakutaka kumpa kitu hicho jina kubwa. Yaliyotokea kwa majina makubwa alikuwa ameyaona. Mtoto alifyonza. Akachovya, akasema tena, mtoto akafyonza. Polepole akausogeza ukingo wa kikombe kando ya kidole, akakiondoa kidole, na maziwa yakaingia. Nusu yalimwagika shingoni. Nusu yalimezwa. Apeduno alikuwa analia, machozi yanadondokea shali, na hakuthubutu kuyafuta asije akautikisa mkono.

Omoding alikuwa mlangoni. Hakujulikana amesimama hapo tangu lini.

"Umempa jina?"

"Anyait."

"Kwa maziwa ya kopo?"

"Kwa maziwa ya kopo."

Mzee wa kanisa alilitafakari jambo hilo. Alitazama viganja vyake, ambavyo ngozi mpya ilikuwa inaota, ya rangi ya waridi kama ya mtoto.

"Basi ni Anyait," alisema, na akaenda kumpa fahali majani.

*

Asubuhi moja, mvua za kwanza zikiwa zimepita na foleni ya matrela imesonga, Apeduno aliketi barazani akimnywesha Anyait. Kifua chake kilikuwa kikavu, blauzi yake kavu, na nyuma ya pazia hakukuwa tena na kitu cha kuanikwa. Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wa mtoto.

Kushoto, pembeni kabisa, kitu kilisogea.

Hakugeuka. Alibaki ameutazama mdomo ule mdogo na kuacha kile kitu kije chenyewe. Kilikuja kwa vipande, rangi kwanza, leso za kikundi cha maombi, kisha miguu, kisha watu. Walikuwa wanapita njia ya kando ya ua, mmoja nyuma ya mwingine, bila kuongea, wakikanyaga kwa ncha za vidole kama watu wanaopita penye mbwa aliyelala. Nyuso zao zilikuwa zimeelekezwa ng'ambo.

Tangu Jumapili ile alidhani wamebadili njia. Alikuwa hata amewasamehe, akijiambia kuwa wanaona haya kupita hapa. Kumbe walikuwa wanapita pale pale kila siku, umbali wa kutupiana sabuni, wakijua haoni.

Lilimchoma hadi akasahau kufurahia macho yake. Kisha alimtambua wa mwisho katika msururu, mwembamba, leso imeteleza begani, anatembea kama mtu aliyeachwa nyuma na wenzake. Apeduno alikumbuka makaburi madogo yaliyo nyuma ya nyumba ya mwanamke yule. Akabadilisha kikombe mkono. Bila kugeuza uso hata kidogo, akainua mkono wa kushoto hewani, vidole vimekunjuliwa, akamsalimu kwa lugha yao.

"Yoga, Petronilla."

Msururu wote ulijikwaa. Petronilla peke yake ndiye aliyesimama. Alisimama muda mrefu kwenye ile pembe ya jicho iliyokuwa giza jana, na Apeduno akamwona akiutazama mkono, akaona midomo yake ikitafuta jibu la salamu. Apeduno aliuacha mkono palepale ulipo. Anyait alivuta kikombe kwa ngumi zake mbili na kuendelea kunywa.